Ndoa Iliyovunjika na Ndoa Ambayo Haikuwahi Kufungwa

"Kanisa limempa talaka." Maneno haya utayasikia msibani, utayasikia kwenye daladala, na wakati mwingine utayasikia ndani ya kikao cha maandalizi ya harusi ya pili ya mhusika mwenyewe. Kwa Mkatoliki hayawezi kuwa kweli, kwa sababu Kanisa Katoliki halina talaka ya kumpa mtu. Kama kweli ipo karatasi yenye muhuri wa jimbo, basi kilichotokea ni kitu kingine: mahakama ya Kanisa imetamka kwamba ile ndoa, pamoja na keki, matarumbeta na picha kubwa iliyotundikwa sebuleni, haikuwa ndoa.

Ukimweleza mtu hivyo, wengi hucheka. Si wameachana? Wameachana, ndiyo. Lakini jina la kuachana kwao ndilo linaloamua nani ataitwa mjane, nani atagawiwa nyumba kwa kifungu kipi, na nani anaweza kuoa au kuolewa tena bila kuvunja sheria.

Ndoa, kwa Kiswahili, hufungwa, na neno hilo moja linatuonyesha njia. Talaka ni kukata fundo lililokuwepo na lililoshika. Kubatilisha ni kulitazama fundo upya na kugundua kwamba siku ile kamba haikupita mahali pake. Vigelegele vilipigwa, lakini hakuna kilichofungwa.

Hata neno batili lenyewe linateleza. Mtu akila mchana wa Ramadhani, saumu yake imebatilika: ilikuwepo tangu alfajiri, ikaharibika saa sita. Ndoa batili haiko hivyo. Inafanana zaidi na mtu aliyefunga siku ya Idi. Njaa ameshinda nayo kweli, kiu ameiona, ila saumu hana, kwa kuwa siku yenyewe haipokei saumu.

Ndiyo maana anayeamua talaka na anayeamua ubatili hawaulizi swali moja. Wa kwanza anauliza: mmeishije? Wa pili anauliza: siku ile kulikuwa na nini? Kipigo kilichoanza mwaka wa nne, ulevi, nyumba ndogo, mume aliyekwenda machimboni na hajarudi, yote hayo ni mambo ya talaka. Yalitokea baada ya ndoa kuwepo, na hayawezi kurudi nyuma kuifuta siku ya harusi. Ukishika tofauti hii, nusu ya utata imekwisha. Nusu iliyobaki inatokana na ukweli kwamba kwetu ndoa moja huangaliwa na macho matatu: serikali, kanisa au msikiti, na ukoo.

Tuanze na serikali. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo inazibeba ndoa za dini zote, za kimila na za bomani kwa pamoja. Zanzibar haimo, huko ndoa za Waislamu ziko mikononi mwa mahakama za kadhi. Sheria hiyo ya 1971 inazitaja ndoa zenye kasoro za mwanzo kwa makundi mawili, na wanasheria wetu wamezipa majina yanayokaribiana mno: ndoa batili na ndoa batilifu. Herufi mbili zinabadilisha kila kitu.

Ndoa batili haipo, hata kama hakuna hakimu aliyewahi kusema neno. Kifungu cha 38 kinaorodhesha sababu zake. Wafungaji ndoa ni ndugu wa karibu waliokatazwa kuoana. Mmoja hakukubali kwa hiari. Mmoja hakuwepo siku ya kufunga ndoa. Hakukuwa na mashahidi wawili. Ndoa ilisemwa kuwa ni ya muda maalumu. Umri haukutosha, na hapa ikumbukwe kwamba vifungu vya 13 na 17, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo Oktoba 2019.

Lakini sababu inayowaumiza watu wengi ni moja: mmojawao alikuwa tayari ana ndoa isiyoruhusu nyingine. Hapa nitakaa kidogo.

Bwana mmoja, tumwite Baba Neema, alifunga ndoa kanisani. Baada ya miaka kumi akahama nyumba, akasilimu, akabadili jina, akaoa mke wa pili kwa nikahi iliyohudhuriwa na nusu ya mtaa. Mahari yakatolewa, sheikh akasoma hotuba, cheti kikaandikwa. Mtaa mzima unaamini kwamba dini yake mpya imempa ruhusa. Sheria haioni hivyo. Ndoa ya mke mmoja haigeuki kuwa ya wake wengi kwa mume kubadili dini peke yake. Ili igeuke, mume na mke wote wawili wanapaswa kutamka kwa hiari yao mbele ya hakimu, na kwa Wakristo wawili waliofunga ndoa kanisani mlango huo umefungwa kabisa maadamu wote wanaendelea kuwa Wakristo. Mama Neema, mke wa kwanza, hajatamka chochote. Wala hakuna mahakama iliyovunja ndoa ya kwanza. Basi nikahi ile ya pili ni batili tangu usiku wake wa kwanza, na mke wa pili anaweza kuishi miaka kumi na mitano bila kujua, mpaka siku ya arobaini ya msiba wa mumewe, pale Mama Neema anapoingia na cheti chake kwenye bahasha ya kaki.

Ndoa batilifu ni mnyama mwingine. Hiyo ipo, ni halali, inahesabika kwa kila jambo, mpaka pale mmoja wa wanandoa atakapokwenda mahakamani kuilalamikia na mahakama ikaitengua. Asipokwenda, wataishi mpaka uzee na hakuna wa nje mwenye haki ya kuwasumbua. Kifungu cha 39 kinataja sababu: mmoja hakuwa na uwezo wa tendo la ndoa tangu siku ya harusi, mmoja amekataa kwa makusudi tendo hilo lisifanyike hata mara moja, mmoja alikuwa na ugonjwa wa zinaa unaoambukiza, mke alikuwa na mimba ya mtu mwingine, au mmoja alikuwa na vipindi vya kurukwa na akili au kifafa. Kukiweka kifafa kando ya wazimu ni mtazamo wa zamani, na binafsi ningependa kuona kimeondolewa. Ila ndivyo sheria ilivyoandikwa.

Angalia kwamba ugumba haumo. Kila mwaka kuna mwanamke anayerudishwa kwao na mashangazi wa mume wakisema "ndoa hii ilikuwa bure, hazai". Kutozaa si kushindwa tendo la ndoa, na hakumpi mtu sababu ya kubatilisha. Kanisa Katoliki nalo linasema vilevile waziwazi katika kanuni ya 1084: utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Mahari nayo isitutishe. Wajomba wanaweza kudai kwamba ng'ombe watatu hawajafika, hivyo binti yao "hajaolewa". Kwa sheria ya Bara, kutokamilika kwa mahari hakuigusi ndoa.

Kenya wamefanana nasi kwa sehemu. Sheria yao ya Ndoa ya 2014 inataka ombi la kubatilisha lipelekwe ndani ya mwaka mmoja tangu harusi. Na kwa kasoro kama mimba ya mtu mwingine au wazimu, haitoshi kwamba kasoro ilikuwepo. Lazima iwe ilifichika. Mantiki yake iko wazi. Aliyeoa akijua kwamba bibi harusi ana mimba ya mwingine, akalea, akambatiza mtoto, hawezi kuamka mwaka wa tatu akasema alidanganywa.

Talaka inapita barabara ndefu zaidi, na hilo huwashangaza wanaodhani kubatilisha ndiyo kazi ngumu. Kwa Bara, huwezi kuomba talaka kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, isipokuwa mahakama ikupe ruhusa kwa sababu ya mateso yasiyo ya kawaida. Kabla ya mahakama kuna Baraza la Usuluhishi la Ndoa: la kata, la Bakwata, au la kanisa lililoidhinishwa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hati hiyo isiwe imepita miezi sita unapofungua shauri. Wapo waliofika mahakamani na wakili mzuri na machozi ya kweli, wakarudishwa kwa kukosa karatasi hiyo moja. Kisha unapaswa kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika: ugoni, ukatili, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu, kifungo kirefu gerezani, na mengine yaliyotajwa katika kifungu cha 107.

Na yule mume aliyeandika talaka kwenye karatasi ya daftari akaitia chini ya mlango? Kidini, kadhi au sheikh atamwambia kama imepita. Kwa rekodi za serikali ya Bara, ndoa bado ipo. Sheria inasema kwamba kama ndoa ilikuwa ya Kiislamu, Baraza limeshindwa kusuluhisha, na baada ya hapo mmoja akafanya jambo ambalo kwa sharia linavunja ndoa, mahakama itaona kwamba imevunjika na kutoa amri. Yaani talaka ya mdomo inapewa uzito, ila inahitaji kupita mahakamani ndipo izae karatasi ya serikali.

Baada ya amri inakuja nyumba. Hapa ndipo tofauti ya majina inapougusa mfuko. Kifungu cha 114, ambacho kila mwanamke wa Bara anayedai sehemu yake hukitegemea, kinatoa mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja pale mahakama inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Ni kifungu hicho ambacho Mahakama ya Rufani ilikifungua mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kwamba kupika, kufua na kulea watoto ni mchango katika mali. Mwenyewe Bi Hawa hakuambulia nyumba, kwa sababu mahakama iliona amekwisha kuitapanya fedha aliyopewa na mumewe kwa mradi wa familia. Kanuni aliyoiacha, hata hivyo, imewalisha maelfu baada yake.

Ubatilisho haumo katika maneno ya kifungu hicho. Aliyebatilishiwa ndoa huhesabiwa kwamba hakuwahi kuwa katika ndoa; sasa anagawana mali za ndoa ipi? Huo ndio mtego wa mke wa pili wa Baba Neema. Ndoa yake ni batili, hivyo hawezi kuomba talaka. Nani anavunja chungu ambacho hakikufinyangwa?

Sheria haikumwacha jangwani kabisa. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, itachukuliwa kwamba wamefunga ndoa. Ni dhana tu, na inapinduliwa kwa ushahidi. Cheti cha Mama Neema kinaipindua mara moja. Lakini hata ikipinduliwa, sehemu ya pili ya kifungu inampa mwanamke haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto, pamoja na nafuu nyingine zile ambazo mahakama hutoa inapovunja ndoa. Uamuzi uliochapishwa katika taarifa za sheria za Tanzania za mwaka 1994 ulisema wazi kwamba nafuu hizo zinajumuisha kugawana mali walizochuma pamoja. Kwa hiyo ana mlango, ila ni mlango wa uani. Na akiufuata baada ya msiba, badala ya kuugonga wakati mwanamume yu hai, atakuta mambo ya mirathi yamekwisha kuketi sebuleni.

Watoto hawana shaka. Ndoa ya wazazi ikibatilishwa, mtoto habatilishwi. Sheria ya nchi inasema hivyo, sheria ya Kanisa inasema hivyo, na fiqhi ya Kiislamu inamtambulisha mtoto kwa baba yake pale watu walipoingia ndoani kwa nia njema bila kujua kizuizi. Ni jambo moja ambalo serikali, kanisa na msikiti wanaliona sawasawa. Anayemwambia mtoto "baba na mama yako hawakuoana, wewe ni wa nje" hajui sheria yoyote.

Turudi kanisani. Kwa Wakatoliki, ndoa ya wabatizwa wawili iliyofungwa sawasawa na kukamilishwa kwa tendo la ndoa haivunjwi na mtu yeyote ila kifo, na hapo hata Papa mikono yake imefungwa. Kwa hiyo swali pekee linalobaki ni hilo la nyuma: je, ilifungwa sawasawa? Mahakama ya Kanisa inachunguza siku ya harusi na miezi iliyoitangulia. Je, binti alisukumwa altareni na baba yake kwa sababu ya mimba? Je, bwana harusi alikuwa amekwisha kuamua moyoni kwamba hatazaa kamwe, au kwamba uaminifu haumhusu? Je, alifichwa jambo zito kwa hila ili akubali? Je, mmoja alikuwa na tatizo la kiakili lililomfanya asiweze kubeba wajibu wa ndoa? Wasimamizi wa harusi wanaitwa kutoa ushahidi, na barua na ujumbe wa simu wa enzi za uchumba vinasomwa. Humo ndani hukaa mtu mwenye kazi moja: mtetezi wa kifungo cha ndoa, anayetafuta kila hoja ya kuonyesha kwamba ndoa ilikuwa halali. Shaka ikibaki, ndoa inasimama.

Zamani hukumu moja haikutosha. Mahakama ya pili ilipaswa kukubaliana na ya kwanza, na watu walizeeka wakisubiri. Papa Fransisko aliondoa sharti hilo kwa barua yake ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, akaongeza na njia fupi mbele ya askofu kwa kesi zilizo wazi ambazo wanandoa wote wawili wamekubaliana. Vijiweni wakaanza kusema kwamba Kanisa limeruhusu talaka. Hapana. Lililofupishwa ni foleni. Swali ni lilelile.

Kwa Waislamu hali ni kinyume: talaka ipo, na ina milango mingi. Mume anaweza kuacha. Mke anaweza kujivua kwa khului, akirudisha mahari au kitu walichokubaliana. Kadhi anaweza kuitengua ndoa kwa fasikhi, tuseme mume ametoweka au hatoi nafaka, yaani matunzo ya mke. Hapa kuna kosa ambalo hata wanaotafsiri nyaraka hulifanya: fasikhi huandikwa "kubatilisha ndoa". Lakini kadhi anapofasikhi ndoa kwa kukosa nafaka hasemi kwamba nikahi haikuwepo. Ilikuwepo, na ameivunja yeye badala ya mume. Tofauti yake kubwa na talaka ni kwamba haihesabiwi katika zile talaka tatu za mume.

Batili hasa kwa Kiislamu ni ile ambayo isingeweza kufungwa: mwanamke aliye bado edani, mke wa mtu, au ndugu. Na ndugu si wa damu tu. Huku pwani, ambako jirani humnyonyesha mtoto wa jirani mama akiwa hospitali, hutokea harusi ikapita kisha bibi mmoja akakumbuka kwamba bwana harusi na bibi harusi walinyonya ziwa moja. Kwa madhehebu ya Shafii, ikithibitika walinyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili, hao ni ndugu. Wanatenganishwa papo hapo, bila talaka, maana hakuna cha kuachia. Kama wameingiliana, mke habaki mikono mitupu, mahari ni haki yake, na eda atakaa.

Sasa weka macho yote pamoja. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ndoa kinataja jinsi ndoa inavyokoma Bara, na ukiacha kifo na talaka za nje ya nchi zinazotambuliwa, kilichobaki ni amri ya mahakama. Karatasi ya jimbo haimo. Kwa hiyo Mkatoliki aliyetamkiwa ubatili na Kanisa bado ni mume wa mtu mbele ya serikali. Akifunga ndoa nyingine kwa karatasi hiyo pekee, amejitengenezea ndoa batili ya aina ya Baba Neema, safari hii akiwa na baraka za paroko. Na mwenzake aliyepata talaka mahakamani yuko huru bomani, ila kanisani bado ana mke. Wote wawili wanashangaa kwa nini karatasi zao hazifungui mlango wa pili, na wote wawili wamekwisha kulipia ukumbi.

Mwenye busara huanza kwa kumuuliza wakili au ofisi ya msaada wa kisheria swali moja: kasoro ninayoilalamikia ilikuwepo siku ile, au ilikuja baadaye? Jibu hilo ndilo litakaloonyesha kama shauri linaanzia Baraza la Usuluhishi au ni ombi la kubatilisha.

Anayetaka kufunga ndoa tena Bara hupeleka taarifa siku 21 kabla, akieleza, pamoja na mengine, hali yake ya ndoa. Mjane ataandika mjane. Aliyeachika kwa amri ya mahakama ataandika mtalaka. Yule ambaye mahakama ilibatilisha ndoa yake anaruhusiwa kuandika kwamba hajawahi kuoa, na ataandika hivyo kwa haki kabisa, huku binti yake wa darasa la tatu amesimama pembeni akimshikia bahasha.